Kuoka Pavlova Uganda: Mwongozo Kamili wa Meringi Isiyotoka Jasho

Pavlova ni kitindamlo kinachotokana na ute wa mayai na sukari: ute hupigwa mpaka ukawa povu zito jeupe, liitwalo meringi, ukaokwa kwa moto mdogo hadi ukafanya ganda jembamba la kuvunjika na moyo laini wa kunyumbuka, kisha ukavikwa krimu na matunda. Jina lake limetokana na Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1881, ambaye alizuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Nchi hizo mbili zinagombea hadi leo heshima ya kuwa chimbuko lake, na zote mbili huila wakati wa Krismasi, ambayo kwao huangukia kiangazi, mara nyingi ikiwa imemwagiwa pasheni juu. Sisi Uganda pasheni tunayo karibu mwaka mzima, mayai tunayo, sukari tunayo, na ndiyo maana naona si sawa kitindamlo hiki kiendelee kuonekana chakula cha mahoteli peke yake.

Mara ya kwanza nilipoioka ilikuwa siku ya Idi, nyumbani kwa shangazi yangu Jinja, mwezi wa Aprili, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Niliitoa ovenini ikiwa kavu kiasi cha kulia nikiigonga kwa ukucha, nikaiacha mezani karibu na dirisha, nikaenda kuswali. Niliporudi, vitone vya rangi ya asali vilikuwa vimejitokeza ubavuni na ganda lilikuwa likinata vidoleni kama gundi. Shangazi aliigusa kidogo, akaniambia, "Mwanangu, keki yako inatoka jasho." Neno hilo nimelishika tangu siku ile, kwa sababu limetaja ugonjwa wenyewe. Liko jasho la ndani, linalotoka kwa sukari ambayo haikuyeyuka vizuri kabla ya kuoka, na liko jasho la nje, ambalo meringi hulivuta hewani baada ya kuiva. Pavlova nyingi zinazoharibika katika nchi yetu huharibiwa na moja kati ya hayo mawili, na karibu kila hatua nitakayoieleza hapa inahusu kuyazuia.

Viungo na vyombo

Kwa watu wanane, tumia gramu 140 za ute wa mayai. Vitabu vingi huandika "mayai manne", lakini mayai ya trei zetu hutofautiana sana kwa ukubwa, na ya kuku wa kienyeji ni madogo zaidi, hivyo huenda ukahitaji matano au sita kufikia uzito huo. Mizani ndogo ya jikoni italipa gharama yake siku ya kwanza. Sukari iwe gramu 240. Ongeza vijiko viwili vya chai vya kornifulawa, yaani ule wanga laini mweupe wa mahindi unaouzwa kwa paketi, ambao haufanani hata kidogo na unga wa posho. Kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe au maji ya limau. Chembe chache za chumvi. Na nusu kijiko cha chai cha vanila. Nchi yetu inalima vanila nzuri, hasa Mukono na Bundibugyo, kwa hiyo ukipata ganda halisi la vanila, lipasue ukwangue mbegu zake badala ya kutumia ile ya chupa.

Kwa upande wa juu unahitaji mililita 300 za krimu ya kupiga, iliyo baridi sana, na matunda ambayo nitayazungumzia kwa urefu baadaye.

Bakuli liwe la chuma kisichoshika kutu au la kioo. Bakuli la plastiki hubaki na mafuta katika mikwaruzo yake hata baada ya kuoshwa, na mafuta ndiyo adui wa kwanza wa povu. Mimi hupangusa bakuli na chuma cha kupigia kwa kitambaa safi kilicholowa siki kidogo, kisha naviacha vikauke kabisa kabla ya kuvunja yai la kwanza.

Sukari kwanza

Sukari inayouzwa kwa kilo madukani kwetu ina chembe kubwa, na mara nyingi ina rangi ya kahawia hafifu. Chembe kubwa huchukua muda mrefu kuyeyuka ndani ya ute, na zile zinazobaki nzima hugeuka shira wakati wa kuoka, shira hiyo ikatafuta njia ya kutoka: hilo ndilo jasho la ndani. Dawa yake ni blenda kavu. Mimina sukari yote, isage kwa sekunde 30 hadi 40, iache itulie dakika moja kabla ya kufungua mfuniko ili vumbi lake lisikuingie puani, kisha ichekeche. Unataka chembe laini kama mchanga wa ziwani, kabla hazijawa unga. Sukari ya unga inayouzwa tayari kwa kupambia keki haifai kuchukua nafasi yake yote, kwa kuwa kwa kawaida imechanganywa na wanga na hufanya meringi iwe nzito.

Ukiipata sukari nyeupe iliyosafishwa, inunue. Ile ya kahawia ina mabaki ya molasi, ambayo huvuta unyevu wa hewa upesi zaidi, na meringi yake hutoka na rangi ya maziwa ya chai. Inalika, na ladha yake ina utamu wa karameli ninaoupenda, ila haiwezi kukaa muda mrefu mezani.

Kutenga na kupiga ute

Mayai yawe mazima, yasiyo na ufa. Yajaribu katika bakuli la maji: linalolala chini kabisa ni jipya, linalosimama kwa ncha moja limekaa siku nyingi, na linaloelea litupwe. Tenga ute na kiini mayai yakiwa baridi, kwa sababu kiini cha yai baridi hakipasuki kwa urahisi, na tenga kila yai katika kikombe kidogo kabla ya kumimina ute wake katika bakuli kubwa. Ukimimina moja kwa moja na yai la mwisho likapasuka kiini, umepoteza yote, kwa kuwa tone dogo la kiini lina mafuta ya kutosha kuzuia povu lisisimame. Viini usivitupe, vina kazi yao mbele. Kisha acha ute upate joto la chumba kwa nusu saa, maana ute usio baridi hupanda vizuri zaidi.

Ni vyema kuelewa kinachotokea ndani ya bakuli. Karibu sehemu tisa katika kumi za ute ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini, ambazo huwa zimejikunja kama uzi uliofungwa donge. Unapopiga, donge hilo hufumuka, nyuzi zikashikana na kuzizunguka pumzi za hewa unazoziingiza. Ukizidisha kupiga, nyuzi hizo hushikana mno, zikayakamua maji nje, na povu likakatika vipande kama pamba iliyolowa. Siki hupunguza kasi ya kushikana huko, na sukari huyafanya maji yawe mazito ili yasitiririke upesi. Kwa hiyo siki na sukari zina kazi ya ujenzi hapa, mbali na ladha, na anayepunguza sukari kwa nusu kwa nia njema ya afya ataishia kupata povu lisilosimama.

Anza kupiga kwa mwendo wa chini ukiwa umetia ile chumvi, mpaka ute utoe mapovu makubwa kama ya sabuni, kisha ongeza mwendo hadi wa wastani. Povu likishakuwa jeupe, na ukiinua chuma likafanya ncha inayoinama, anza kutia sukari, kijiko kimoja cha chakula kwa wakati, ukisubiri kama nusu dakika kati ya kijiko na kijiko. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Wanaona povu limepanda, wanamimina sukari yote mara moja, povu linashuka, na sukari inazama chini ya bakuli.

Jambo jingine ni mwinuko wa nchi yetu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji mingi ya Uganda iko juu zaidi ya hapo; mjini Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mahali ambapo hewa ni nyepesi namna hii, mapovu hutanuka zaidi ovenini, na yakiwa tayari yamejaa hewa kupita kiasi hupasuka na keki ikabonyea. Kwa sababu hiyo, anza kutia sukari mapema, ncha ikiwa bado inainama, bila kungoja isimame wima kabla ya sukari kama yanavyoagiza mapishi ya nchi za pwani.

Sukari yote ikishaingia, endelea kupiga kwa dakika tano hadi nane. Kisha zima mashine, chukua povu kidogo na ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia michanga, piga dakika mbili zaidi na ujaribu tena. Ukiona vidole vinateleza kama vilivyopakwa losheni, sukari imeyeyuka. Povu lililokamilika linang'aa kama satini, ni zito, na ukiinua chuma linabaki na ncha iliyosimama ambayo hata ukiligeuza bakuli juu chini haitikisiki. Mwenye mashine ya umeme atafika hapo kwa dakika 20 hivi kwa jumla. Anayepiga kwa mkono ajiandae kwa nusu saa au zaidi na awe na mtu wa kupokezana naye, kwani inawezekana kabisa, na watu walioka meringi muda mrefu kabla ya umeme.

Mwisho nyunyizia kornifulawa kupitia chekecheke, tia siki na vanila, na uchanganye kwa mwiko mpana kwa kukunja kutoka chini kwenda juu, mara kumi au kumi na mbili, basi. Kornifulawa hunywa sehemu ya maji yaliyobaki na ndiyo inayosaidia kuupa moyo wa pavlova ule ulaini unaoitofautisha na meringi kavu ya kawaida.

Kuunda na kuoka

Chora kwa penseli duara la upana wa sentimita 20 kwenye karatasi ya kuokea, igeuze ili penseli iwe chini, na uigandishe kwenye trei kwa vitone vya povu pembeni. Rundika povu lote katikati, lisambaze hadi kwenye mstari, kisha inua kingo ziwe juu kidogo kuliko katikati, ili pawe na bonde la kupokea krimu. Ukipitisha kisu kutoka chini kwenda juu kuzunguka ubavu, mifereji itakayobaki huipa keki nguvu ya kusimama na ni mapambo tosha.

Oveni iwe imeshapata joto la nyuzi 150 kabla ya trei kuingia. Mara tu unapofunga mlango, shusha hadi nyuzi 120 na uoke kwa saa moja na dakika 20. Kama oveni yako ina feni, punguza nyuzi 20 katika kila kipimo. Namba zilizoandikwa kwenye vitufe vya oveni nyingi si za kuaminika, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakuambia ukweli. Usifungue mlango katika saa ya kwanza. Ganda likianza kuwa la hudhurungi, joto limezidi. Likitoa vitone vya dhahabu mapema, pia joto limezidi. Likibaki laini baada ya muda kwisha, ongeza dakika 15.

Wenye oveni za gesi wana tatizo moja la ziada: gesi inapoungua hutoa mvuke, na mvuke huo hubaki ndani ya oveni. Katika robo saa ya mwisho, bana mpini wa mwiko wa mbao kwenye mlango ili ubaki wazi kidogo na mvuke upate pa kutokea.

Umeme ukikatika, usihangaike kufungua na kuchungulia. Ukikatika baada ya dakika 40 hivi, joto lililomo litaendelea kufanya kazi. Acha mlango umefungwa, na umeme ukirudi endelea kwa nyuzi 110 mpaka ganda likauke. Ukikatika katika dakika 15 za mwanzo na usirudi upesi, kwa uzoefu wangu keki hiyo huwa imekwenda, na bora uipe jina la meringi ya kuvunjavunja katika bilauri pamoja na krimu.

Je, sigiri inafaa? Kwa pavlova kubwa, hapana, kwa kuwa makaa hayakubali kukaa kwenye joto dogo lisilobadilika kwa saa nzima na zaidi. Kwa vikombe vidogo vya meringi, vya upana wa kiganja cha mtoto, nimefanikiwa kwa sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, sahani ya bati iliyoinuliwa juu ya mawe matatu, mfuniko uliowekewa makaa machache, na moto wa chini uliofunikwa majivu. Kitako hutoka na rangi, lakini juu huwa pazuri.

Oveni ikishazimwa, acha keki ndani yake mpaka ipoe kabisa, kwa muda wa saa nne au usiku kucha, mlango ukiwa umeachwa wazi upana wa kidole. Utasikia vilio vidogo vya ganda likipasuka linapopoa. Usivunjike moyo: nyufa ni za kawaida, na krimu itazifunika. Mimi huoka usiku baada ya chakula na kuitoa asubuhi, na katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sikubali ratiba nyingine. Ukiitoa tu, iingize katika kopo kavu lenye mfuniko wa kubana. Humo hukaa siku mbili au tatu. Friji usiifikirie kwa meringi tupu, kwa kuwa hewa yake ina unyevu na italilainisha ganda.

Krimu

Soma boksi kabla ya kulipa. Krimu inayopigika ina mafuta ya asilimia 35 hivi. Ile ya kupikia, ambayo mara nyingi huwa na asilimia 20 tu, haitasimama hata ukiipiga mpaka magharibi. Utando unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa nao haupigiki, ingawa ni mtamu kwa mkate. Weka boksi la krimu, bakuli na chuma cha kupigia katika friji usiku kucha, na siku ya joto liweke bakuli la krimu ndani ya bakuli kubwa lenye barafu. Piga kwa mwendo wa wastani na uache mara tu krimu inaposhika alama za chuma. Sekunde chache za ziada huigeuza iwe na chembechembe, na baada ya hapo unaelekea kwenye siagi. Mimi sitii sukari hata kidogo, kwa kuwa keki yenyewe ina utamu wa kutosha.

Matunda

Kanuni yangu ni kwamba tunda liwe na ukali. Pasheni ndiyo ya kwanza: pasua nane zilizokunjamana ganda, kwa kuwa ndizo zilizoiva, na ukwangue rojo pamoja na mbegu zake. Entuntunu, yale matunda madogo ya dhahabu yanayojificha ndani ya vifuko vya karatasi, sijaona tunda linaloifaa pavlova kuliko hilo. Lina uchachu, halitoi maji mengi, na likikatwa nusu linang'aa juu ya krimu kama shanga. Embe nalo linafaa, likiwa gumu kidogo.

Nanasi la Kayunga ni zuri mno, lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na likikaa juu ya krimu huifanya iwe majimaji na chungu. Papai lina tabia kama hiyo. Liwe nanasi au papai, likate vipande vidogo, lichemshe dakika tano na kijiko cha sukari, lichuje, lipoze, ndipo ulitumie. Ndizi siishauri, kwa kuwa huongeza utamu juu ya utamu na hubadilika rangi.

Vile viini ulivyoviweka vina kazi hapa. Chukua vinne, uvichanganye na gramu 100 za sukari na mililita 120 za maji ya pasheni yaliyochujwa, uweke bakuli juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, na ukoroge bila kuacha mpaka mchanganyiko uufunike mgongo wa kijiko. Usiache uchemke, utakatika. Epua, tia gramu 60 za siagi vipande kwa vipande, funika, na uupoze katika friji. Mstari wa rojo hili la manjano kati ya krimu na matunda huikamilisha pavlova kwa namna ambayo hakuna tunda peke yake linaloweza.

Kupanga na kukata

Usipange mpaka wageni wameshamaliza kunawa baada ya chakula. Ondoa karatasi taratibu, telezesha keki kwenye sahani bapa, jaza bonde kwa krimu, mwaga rojo la pasheni, na umalizie kwa matunda yaliyokaushwa maji kwa kitambaa. Kuanzia hapo una kama nusu saa kabla ganda halijaanza kulegea, na siku za mvua ni chini ya hapo.

Ikate kwa kisu chenye meno, kilichochovywa katika maji ya moto na kupanguswa, kwa kushindilia ncha katikati kwanza kisha kushusha kisu nje kwa mkono mmoja usiosita. Ganda litavunjika, ndivyo linavyopaswa. Pakua kila kipande kwa kijiko kipana kinachofika hadi chini, ili kila mtu apate ganda, moyo, krimu na tunda katika tonge moja, na kitakachobaki kiwekwe katika friji na kiliwe kesho yake kwa kijiko, kikiwa kimelainika chote.